Kutenganisha sauti zilizochanganyika: kompyuta hujuaje ipi ni ya nani?

Maikrofoni haijui kama chumbani kuna mtu mmoja au kumi. Inachopima ni shinikizo la hewa tu, linavyopanda na kushuka, na kila inapopima hutoa namba moja. Rekodi ya kawaida ya mazungumzo huwa na vipimo 16,000 kwa sekunde. CD ya muziki ina 44,100. Watu wawili wakiongea kwa pamoja hazitoki namba mbili. Sauti zao hukutana hewani, hujumlika, na kinachoandikwa ni ile jumla.

Ugumu wote uko hapo. Nikikupa namba 7 na kukuambia ni jumla ya namba mbili, huwezi kujua kama ni 3 na 4, 5 na 2, au 10 na hasi 3. Majibu hayana idadi, na yote ni sahihi. Sasa fumbo hilo lirudie mara 16,000 kila sekunde. Kihesabu halina jibu moja. Hata hivyo leo kuna programu za simu zinazomtoa mwimbaji ndani ya wimbo na kuziacha ala peke yake, na vifaa vya kusaidia kusikia vinavyojaribu kumfuata msemaji mmoja katikati ya wengi. Zinawezaje?

Zinaweza kwa sababu kila mbinu ya kutenganisha sauti huanza na dhana fulani kuhusu sauti zenyewe, dhana ambayo haimo kwenye rekodi. Dhana hiyo ndiyo inayochagua jibu moja kati ya yale yasiyo na idadi. Kwa hiyo ukitaka kuielewa mbinu yoyote, na zaidi ukitaka kujua uiamini kiasi gani, uliza kwanza imedhania nini.

Ubongo wa binadamu nao una dhana zake. Mwaka 1953 mtafiti wa Uingereza, Colin Cherry, alichapisha majaribio yaliyolifanya suala hili lijulikane kama tatizo la karamu: ukumbi umejaa watu, wote wanaongea, na wewe unamfuata mmoja bila shida. Aliwavalisha wasikilizaji hedifoni, akapitisha ujumbe mmoja sikio la kulia na mwingine la kushoto, kisha akawataka waurudie papo hapo ule wa upande mmoja. Waliuweza. Lakini walipoulizwa kuhusu ujumbe wa upande wa pili, hawakuweza kueleza ulihusu nini, na hata lugha ilipobadilishwa kutoka Kiingereza kwenda Kijerumani hawakutambua. Sauti ya mwanamume ilipobadilika kuwa ya mwanamke, hapo walishtuka. Maana yake ubongo hushikilia vitu kama kima cha sauti na upande inakotoka. Sauti inayotoka kulia hulifikia sikio la kulia kwanza, na tofauti ya muda kati ya masikio mawili haizidi takribani sehemu 7 za elfu 10 za sekunde. Ubongo unaipima hiyo.

Wasemaji wawili, maikrofoni mbili

Tuanze na hali iliyo rahisi kuliko zote. Msemaji A na msemaji B wanaongea pamoja, na tumeweka maikrofoni mbili. Ya kwanza inampata A kwa nguvu kamili na B kwa nusu. Ya pili inampata B kwa nguvu kamili na A kwa asilimia 40:

M1 = A + 0.5B
M2 = 0.4A + B

Chukua M1, utoe nusu ya M2. Ile 0.5B iliyokuwemo inafutwa na 0.5B inayotolewa, na kinachobaki ni 0.8A: sauti ya A peke yake, imepungua nguvu kidogo tu. Geuza kibao, toa asilimia 40 ya M1 kwenye M2, na unabaki na 0.8B. Ni hesabu ya milinganyo miwili yenye visivyojulikana viwili, ile ya sekondari.

Ujanja wa zamani wa karaoke ulitegemea kitu hichohicho. Katika nyimbo nyingi za stirio, mwimbaji huwekwa katikati, yaani sauti yake iko sawasawa kwenye spika ya kushoto na ya kulia. Toa upande mmoja kwenye mwingine, naye anatoweka. Tatizo ni kwamba besi na ngoma kubwa nazo kwa kawaida huwekwa katikati, kwa hiyo zinatoweka pamoja naye, huku mwangwi aliotiwa mwimbaji studioni, ambao umesambazwa pande zote mbili, ukibaki unaelea.

Lakini katika mfano wetu tulizijua 0.5 na 0.4. Kwenye rekodi halisi hakuna anayekutajia namba hizo. Unazo M1 na M2 tu. Humjui A, humjui B, na hujui walichanganyikaje. Ndiyo maana fani hii huitwa utenganishaji kipofu. Iliibuka katikati ya miaka ya 1980 huko Ufaransa, na haikuanzia kwenye sauti kabisa. Jeanny Hérault, Christian Jutten na Bernard Ans walikuwa wakijiuliza jinsi mfumo wa fahamu unavyotofautisha mkao wa kiungo na kasi yake, ilhali neva za misuli huzileta taarifa hizo mbili zikiwa zimechanganyika. Mwaka 1994 Pierre Comon, Mfaransa mwingine, aliujengea mkondo huu msingi imara wa kihesabu, na jina lililozoeleka ni uchambuzi wa viambajengo huru, kwa kifupi ICA. Mwaka uliofuata Anthony Bell na Terrence Sejnowski wa Taasisi ya Salk, California, walionyesha mbinu iliyotenganisha hadi wasemaji kumi waliochanganywa.

Dhana ya ICA ni moja: vyanzo havitegemeani. Anachokitamka A sasa hivi hakikuambii lolote kuhusu anachokitamka B. Kwa watu wawili wanaoongea mambo yao, dhana hiyo inasimama vizuri. Kwa wanamuziki wanaopiga wimbo mmoja kwa mapigo mamoja, inaanza kuyumba.

Kulikimbia umbo la kengele

Kutotegemeana kunasaidiaje kuipata 0.5? Hapa ndipo penye wazo ninalolipenda kuliko yote katika fani hii, na linastahili kuelezwa polepole.

Rusha dadu moja mara nyingi. Namba 1 hadi 6 zitatokea kwa usawa. Ukichora grafu ya matokeo, itakuwa bapa. Sasa rusha dadu mbili na kujumlisha. Jumla ya 2 ina njia moja tu kati ya 36, vivyo hivyo 12, lakini 7 ina njia sita. Grafu imeshaanza kuvimba katikati. Ongeza dadu ya tatu, ya nne, ya tano, na umbo linazidi kukaribia lile la kengele, ambalo wanatakwimu huliita mtawanyiko wa Gauss. Kadiri unavyojumlisha vitu visivyotegemeana, ndivyo jumla yake inavyofanana na kengele, hata kama vitu vyenyewe havikuwa na umbo hilo.

Sauti ya mtu anayeongea ina umbo lake, na si la kengele. Muda mwingi iko karibu na sifuri, kwa sababu usemi umejaa vituo vidogovidogo na konsonanti hafifu, kisha ghafla irabu inalipuka. Grafu yake huwa na kilele chembamba na mikia mirefu. Ukiwachanganya watu wawili, vituo vya mmoja vinazibwa na irabu za mwenzake, kilele kinatuama, na umbo linasogea kuelekea kengele. Basi geuza mwendo: jaribu kuziunganisha M1 na M2 kwa viwango mbalimbali, na kila mara pima matokeo yako umbali gani na kengele. Unapofika mbali kabisa, umebaki na mtu mmoja.

Tazama kinachofanyika ndani. Chora M1 kwenye mhimili wa mlalo na M2 kwenye mhimili wa wima, kila jozi ya vipimo iwe nukta moja. Sekunde moja ya rekodi inakupa nukta 16,000, zinazofanya wingu. Kama wasemaji wasingechanganyika, wingu hilo lingekuwa na umbo la msalaba, maana mara nyingi mmoja anapopaza sauti mwenzake yuko chini, na nukta hukaa kando ya mhimili mmoja au mwingine. Mchanganyiko huupinda msalaba huo. Mikono yake hulala mshazari na kubanana. Programu hufanya mambo mawili. Kwanza hulinyoosha wingu hadi M1 na M2 zisipande na kushuka pamoja tena. Kisha hulizungusha, ikitafuta pembe ambayo matokeo yako mbali zaidi na kengele. Ikiipata, mikono ya msalaba inakaa juu ya mihimili, na kila mhimili ni msemaji mmoja. Aapo Hyvärinen na Erkki Oja wa Ufini walitoa mwaka 1997 njia ya kuitafuta pembe hiyo kwa kasi, FastICA, nayo ingali inatumika.

Programu hii haijui lugha, haijui mdomo wala koo, haijawahi kusikia binadamu. Inaikimbia kengele tu, na mtu anatokea.

Ina mpaka wake, na mpaka huo unajieleza wenyewe. Tuseme vyanzo vyote viwili vina umbo la kengele tangu mwanzo, kama mivumo miwili ya kelele za umeme. Wingu lao likishanyooshwa huwa duara. Lizungushe upendavyo, halibadiliki. Hakuna pembe bora kuliko nyingine. Kwa sababu hiyo ICA huruhusu chanzo kimoja tu, si zaidi, kuwa na umbo la kengele. Pia haiwezi kukuambia nani ni wa kwanza na nani wa pili, wala kila mmoja aliongea kwa nguvu kiasi gani. Kwenye sauti hayo mawili ni madogo, kwa sasa.

Madaktari wamefaidika na hesabu hizihizi. Vipimo vya umeme wa ubongo huchafuliwa na kupepesa kwa macho, na ICA huyatoa mapepeso hayo kama vile inavyomtoa msemaji. Mapigo ya moyo wa kichanga tumboni, ambayo ni hafifu sana mbele ya moyo wa mama, nayo yametenganishwa kwa njia hii.

Chumba kinaharibu hesabu

Katika mfano wetu A alifika kwenye maikrofoni zote mbili kwa wakati uleule. Haiwi hivyo. Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo ikibidi isafiri sentimita 34 zaidi kuifikia maikrofoni ya pili, itachelewa sehemu moja ya elfu ya sekunde, sawa na vipimo 16. Ukitoa M2 kwenye M1 hapo, unatoa kwenye silabi kitu kisicholingana nayo, na hakuna kinachofutika. Ongeza mwangwi: sauti inagonga ukuta, dari, meza, na kurudi ikiwa imechelewa kwa viwango tofauti. Chumba chenye mwangwi wa sehemu 3 za kumi za sekunde kinahitaji namba 4,800 mahali ambapo sisi tuliandika 0.5 peke yake, na kuna njia nne kati ya wasemaji wawili na maikrofoni mbili.

Njia iliyozoeleka ni kuigawa rekodi katika vipande vifupi na kila kipande kukichambua kwa masafa yake, yaani kasi mbalimbali za mitetemo iliyomo. Ndani ya mkanda mmoja mwembamba wa masafa, ucheleweshaji na mwangwi hugeuka tena kuwa kuzidisha kwa kawaida, na ICA inafanya kazi. Kipande cha vipimo 1,024 hutoa mikanda 513. Unalitatua fumbo mara 513, kila mkanda kivyake.

Na hapo lile dogo la nani ni wa kwanza linakuwa kubwa. Mkanda wa 40 umemweka A mbele, wa 41 umemweka B, wa 42 umemrudisha A. Ukiunganisha bila kupanga, unapata sauti mbili ambazo kila moja ni vipande vya watu wote wawili, yaani umerudi ulikotoka. Dawa ya kwanza ilikuwa kuangalia nguvu: mikanda ya mtu mmoja hupanda na kushuka pamoja, kwa kuwa mdomo ni mmoja. Mwaka 2006 ikaja njia iliyo safi zaidi, ya kuichukua mikanda yote ya msemaji kama kitu kimoja tangu mwanzo wa hesabu, ili isipate nafasi ya kutawanyika.

Maikrofoni moja tu

Yote hayo yanadai maikrofoni zisipungue idadi ya vyanzo. Lakini rekodi nyingi zilizopo duniani ni za maikrofoni moja, au za wimbo ambao ala kumi zimeshabanwa kwenye spika mbili. Tumerudi kwenye lile fumbo la namba 7, na dhana ya kutotegemeana pekee haitoshi tena.

Dhana inayookoa hapa inaonekana kwa macho kwenye spektrogramu, picha inayoonyesha muda kwa mlalo, masafa kwa wima, na nguvu kwa mwanga. Sauti ya mwanamume mzima huwa na kima cha kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 85 na 155 hivi, ya mwanamke kati ya 165 na 255. Mtu anayetamka irabu kwa hezi 120 huacha mistari kwenye 120, 240, 360 na kuendelea, na kati ya mistari hiyo ni karibu patupu. Mwenzake wa hezi 200 ana mistari yake kwenye 200, 400, 600. Kuna mahali inagongana, 600 kwa mfano ni ya wote wawili, lakini kwa sehemu kubwa kila kijisehemu cha picha kina mwenyewe mmoja. Kwa maneno mengine, ile 7 yetu mara nyingi ni 7 na 0. Swali limepungua kutoka kugawa namba hadi kutambua mmiliki.

Kumtambua mmiliki ndiko mitandao ya neva bandia inakofanya vizuri, kwa kufundishwa. Unachukua sauti safi za watu wengi, unazichanganya mwenyewe kwenye kompyuta, na kwa hiyo jibu unalo. Mtandao unapewa mchanganyiko, unakisia, kosa linapimwa, unarekebishwa, tena na tena. Kwa muziki, mkusanyo unaotumiwa sana ni MUSDB18, wenye nyimbo 150: 100 za kufundishia na 50 za kupimia, kila wimbo ukiwa na sauti ya mwimbaji, ngoma, besi na mengineyo kila kimoja peke yake. Suala la nani wa kwanza lilijitokeza hata hapa, kwa kuwa mtandao uliomtoa B kabla ya A ulihesabiwa umekosea ilhali umepatia. Suluhisho la mwaka 2017 lilikuwa kulinganisha kwa mipangilio yote na kuchukua ule wenye kosa dogo. Mwaka 2019 Yi Luo na Nima Mesgarani wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, waliiacha spektrogramu na kufanya kazi moja kwa moja kwenye wimbi la sauti. Kwa michanganyiko ya wasemaji wawili, mtandao wao uliboresha sauti kwa takribani desibeli 15, maana yake nguvu ya uchafu ilipungua kama mara 30.

Mwaka 2023 dunia nzima ilisikia matunda ya kazi hii. Mwanamuziki John Lennon alikuwa ameacha kaseti ya miaka ya 1970 yenye sauti yake na piano kwenye mkondo mmoja. Wenzake wa bendi ya Beatles walijaribu kuitumia mwaka 1995 wakashindwa. Kwa teknolojia ya timu ya mwongoza filamu Peter Jackson, sauti ya Lennon ilitengwa na piano, na wimbo ukakamilika.

Matokeo hayo yaaminiwe kiasi gani?

Hapa nina msimamo. ICA hujumlisha na kutoa kilichorekodiwa, basi. Ikishindwa, utamsikia B akivuja nyuma ya A, na utajua imeshindwa. Mtandao uliofundishwa ni kitu kingine. Ngoma inapoifunika konsonanti kabisa, ushahidi wa konsonanti ile haumo kwenye rekodi, na kinachotokea upande wa pili kinatokana na kile ambacho mtandao umezoea kukisikia mahali kama hapo. Matokeo yanaweza kuwa safi masikioni na yasiwe ya kweli.

Chukua *nitalipa* na *sitalipa*. Kinachozitofautisha ni konsonanti moja ya mwanzo. Sauti ya *s* ni mvumo hafifu ulio kwenye masafa ya juu, maelfu ya hezi, na katika kelele ni miongoni mwa zinazomezwa mapema. Mikusanyo iliyotumiwa zaidi katika utafiti wa kutenganisha wasemaji ni ya Kiingereza, lugha ambayo haibebi ukanushi wake kwenye konsonanti moja ya mwanzo wa kitenzi. Rekodi iliyosafishwa kwa mtandao wa namna hiyo, kisha ikapelekwa mahakamani kuthibitisha mtu aliahidi au alikataa, naona isikubaliwe kama rekodi. Ipelekwe ile ghafi, na iliyosafishwa ihesabiwe kuwa maoni ya mtaalamu.

Tahadhari hiyohiyo ni kwa zile desibeli 15. Zinapimika tu pale sauti safi ya asili inapojulikana, yaani pale tulipochanganya wenyewe, tena bila mwangwi. Kwenye rekodi ya kweli hakuna cha kulinganisha nacho. Unaweza kuzijumlisha sauti ulizotenganisha na kuona kama zinarudisha mchanganyiko wa mwanzo. Zisiporudisha, kuna kitu kimeongezwa au kimepotea. Zikirudisha bado hujathibitisha mgawanyo, kwa kuwa 3 na 4 hufanya 7 sawa na 10 na hasi 3.

Mahali ambapo kazi hii ina uzito mkubwa kuliko muziki ni sikioni mwa mtu asiyesikia vizuri, na huko masharti ni magumu. Programu ya muziki inaweza kuusikiliza wimbo mzima kabla ya kuamua. Kifaa cha sikioni kina takribani sehemu 10 za elfu moja za sekunde. Kikichelewa zaidi, mvaaji anaanza kusikia sauti yake mwenyewe mara mbili. Hakiwezi kusubiri neno liishe. Hakijui chumbani kuna watu wangapi, nao hawakai mahali pamoja. Kwa hiyo watafiti wameanza kuuliza swali jingine: badala ya kumtenganisha kila mtu, mtandao unapewa sekunde chache za sauti ya mtu anayetakiwa, kisha unamtafuta huyo tu kwenye mchanganyiko. Idadi ya wengine haina haja ya kujulikana, na hakuna wa kwanza wala wa pili. Kuna anayetafutwa, na kuna wengine wote.